Keki isiyo na pa kujificha

Mwaka 1869, mkemia Mfaransa aliyeitwa Hippolyte Mège-Mouriès alipewa hati ya uvumbuzi wa kitu kilichokusudiwa kuchukua nafasi ya siagi. Mfalme Napoleon III alikuwa ametangaza zawadi kwa atakayepata mafuta ya bei nafuu, yasiyochacha upesi, ya kuwalisha mabaharia wa jeshi lake na watu wa kipato kidogo mijini. Mège-Mouriès akachukua mafuta ya ng'ombe, akayayeyusha, akayachuja, akayakoroga pamoja na maziwa yaliyokwisha enguliwa. Hiyo ndiyo majarini ya kwanza duniani. Vita vya Ufaransa na Prussia vilivyozuka 1870 vikamvurugia kiwanda, na mwaka uliofuata akauza ujuzi wake kwa akina Jurgens wa Uholanzi. Akina Jurgens wakaungana na mahasimu wao wa kibiashara, akina Van den Bergh, mwaka 1927. Miaka miwili baadaye wakajiunga na Lever Brothers ya Uingereza, ikazaliwa Unilever, kampuni ambayo kwa miongo mingi ndiyo iliyojaza makopo ya Blue Band katika maduka yetu ya Mombasa, Dar es Salaam na Kampala.

Kwa hiyo kila keki ya siku ya kuzaliwa inayopikwa kwa majarini mitaani kwetu ina mkono wa Mfaransa ndani yake. Cha kuchekesha ni kwamba Wafaransa wenyewe hawakuacha siagi. Mpaka leo wanakula takriban kilo 8 kwa mtu kwa mwaka, na hakuna taifa linalojulikana kwa siagi kuliko wao. Oktoba 2017, rafu za siagi katika maduka yao makubwa zilipoanza kubaki tupu, jambo hilo likawa habari ya taifa. Siagi haikuwa imekwisha nchini. Bei ya soko la dunia ilikuwa imepanda sana, maduka yakagoma kuongeza malipo, na wenye viwanda wakaona afadhali wauze nje. Watu wakanunua pakiti tano tano na kuzijaza friji.

Makala haya yanahusu kile ambacho watu hao waliogopa kukikosa, hasa kinapoingia kwenye keki. Sizungumzii keki za ghorofa wala zile za dirishani, zilizopangwa krimu na matunda ya kung'aa. Hizo Mfaransa wa kawaida hazipiki. Jumapili huenda kwa fundi wa mtaani kwake akazinunua, zikafungwa ndani ya kisanduku, akaenda nazo kwa wakwe. Nyumbani hupikwa keki ya aina nyingine kabisa: ya rangi ya kahawia, isiyo na krimu, isiyo na maua ya sukari, inayokatwa vipande saa kumi jioni watoto wanaporudi shule. Ina unga, sukari, mayai, siagi na chumvi kidogo, basi. Keki ya namna hiyo haina pa kujificha. Siagi ikiwa mbaya, kila atakayeimega ataijua.

Robo nne

Anayetaka kuanza, aanze na ile iitwayo quatre-quarts. Jina lenyewe ndilo maelezo ya upishi wake, maana ni robo nne zenye uzito sawa: mayai, sukari, siagi, unga. Huhitaji kitabu. Vunja mayai manne kwenye bakuli uyapime. Yakija gramu 200, basi sukari ni 200, siagi 200, unga 200. Yakija 220, vingine vyote hufuata. Mayai ndiyo yanayoamuru, kwa sababu yai haliwezi kupunguzwa wala kuongezwa.

Ukiona mapishi ya keki hii yanayotaja vikombe, yapite. Kikombe cha unga ulioshindiliwa na kikombe cha unga uliochekechwa vinatofautiana kwa kiasi cha kutosha kuigeuza keki kuwa tofali. Mizani ndogo ya betri inayouzwa madukani itakufaa kuliko mashine yoyote ya kuchapia.

Zamani haikutiwa chochote cha kuumua, na mimi naona hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa, ingawa leo wengi hutia kijiko kidogo cha beking pauda. Kinachoinyanyua ni hewa. Hewa hiyo huingia kwa njia mbili, na kila nyumba ya Kifaransa ina upande wake. Wapo wanaotenganisha mayai: viini huchapwa na sukari mpaka vikawa vyeupe, hutiwa siagi iliyoyeyushwa na kupoa, kisha unga, mwisho ute uliochapwa hadi ukasimama huingizwa kwa kubinuabinua mwiko taratibu usije ukavunjika. Mpishi wa Pwani aliyelelewa na mkate wa mayai atajiona yuko nyumbani, kwa kuwa mkate wa mayai nao hutegemea povu la mayai peke yake.

Njia ya pili ni ya kuchapa siagi na sukari. Hapa ndipo fizikia inapoingia. Chembe za sukari zina kingo kali. Ukizisugua ndani ya siagi iliyolainika bila kuyeyuka, zinachimba vishimo vidogo visivyohesabika na kuacha hewa ndani. Siagi hugeuka kutoka rangi ya njano hadi karibu nyeupe na kuvimba bakulini. Ndani ya oveni, vishimo hivyo hutanuka. Siagi yenyewe ina maji, yasiyozidi asilimia 16 kwa sheria za Ulaya, na maji hayo yakigeuka mvuke husaidia kuisukuma keki juu.

Yote hayo hutaka siagi yenye joto la nyuzi 18 hadi 20. Mapishi ya Kifaransa husema tu itoe siagi kwenye friji iachwe ifikie joto la chumba. Chumba kinachokusudiwa kiko Rennes, Ufaransa, mwezi Aprili. Chumba cha Tanga mwezi Februari kina nyuzi 31, na siagi iliyoachwa humo nusu saa hung'aa mafuta juu na haishiki hewa tena hata ukiichapa mpaka magharibi. Mafuta ya siagi huanza kulegea mapema na yanapofika nyuzi 35 hivi huwa yameyeyuka yote. Hiyo ndiyo sababu siagi hupotea mdomoni bila kuacha utando, na hiyo hiyo ndiyo sababu inatusumbua sisi wa Pwani. Majarini nyingi hutengenezwa zistahimili joto zaidi, na kwa hilo zinastahili sifa, ila utando unaobaki kwenye kaakaa baada ya kumeza ndio gharama yake.

Dawa ipo. Pika alfajiri. Kata siagi ya baridi vipande vidogo vya ukubwa wa kete, iache dakika kumi tu, kisha uichape ndani ya bakuli lililokalishwa juu ya sinia yenye maji ya barafu, ukilitoa bakuli siagi inapoanza kuwa ngumu na kulirudisha inapoanza kung'aa. Mayai nayo yasitoke moja kwa moja kwenye friji. Yai la baridi likigusa siagi laini, mchanganyiko hukatika ukawa kama maziwa yaliyoganda. Unga uwe wa keki, si wa mikate, na ukishauingiza usikoroge tena kuliko inavyolazimu. Nyuzi 170, chombo kirefu cha mkate kilichopakwa siagi, dakika 45 hadi 50, njiti itoke kavu. Wa jiko la mkaa ataiweza pia kwa moto wa juu na chini, mradi makaa ya chini yawe machache, kwa sababu keki yenye siagi nyingi huungua kitako kabla haijaiva katikati.

Chumvi iliyokwepa kodi

Quatre-quarts inapopikwa Bretagne, ile rasi ya magharibi inayochomoza ndani ya Atlantiki, siagi yake huwa na chumvi. Mtu wa Paris hupaka siagi isiyo na chumvi; Mbretoni akipewa hiyo huiona imepungua kitu. Tofauti hii haikuanzia mdomoni. Ilianzia kwa mtoza ushuru.

Wafalme wa Ufaransa walitoza kodi ya chumvi iliyoitwa gabelle, na kodi hiyo haikuwa sawa kila mahali. Kuna majimbo yaliyolazimishwa kununua chumvi kwenye maghala ya mfalme kwa bei ya kuumiza, na kuna yaliyosamehewa kabisa. Bretagne ilipounganishwa na taji la Ufaransa mwaka 1532 ilibaki na haki zake za zamani, mojawapo ikiwa hiyo ya kutolipa gabelle. Na chumvi walikuwa nayo, kwa kuwa mashamba ya chumvi ya Guérande yako pwani hapo hapo, bahari inaingizwa kwenye vidimbwi na jua linafanya kazi. Mpaka wa Bretagne na jimbo jirani la Maine ukawa njia ya magendo. Wanaume, wanawake, hata mbwa waliofungwa mifuko walivusha chumvi usiku, na aliyekamatwa akiwa na silaha angeweza kupelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme.

Kwingine nchini, kuhifadhi siagi kwa chumvi ilikuwa anasa isiyowezekana, kwa hiyo watu wakazoea siagi isiyotiwa kitu. Bretagne, kila mwenye ng'ombe mmoja aliweza kuitia chumvi siagi yake, akaishindilia kwenye chungu, ikamfikisha majira mengine. Mapinduzi ya Ufaransa yakaifuta gabelle mwaka 1790. Mazoea ya ulimi hayakufutwa. Mpaka sasa keki za huko hupikwa kwa siagi yenye chumvi, na ukizionja utashangaa kwa nini wengine hawafanyi hivyo. Chumvi huizuia sukari isichoshe.

Siagi iliwahi kuwa jambo la dini pia. Wakristo wa Ulaya ya Magharibi walikatazwa siagi wakati wa Kwaresima, wakapaswa kutumia mafuta ya mimea. Kwa watu wa kusini wenye mizeituni hilo halikuwa tatizo. Kwa watu wa Normandie, ambako kila kitu ni malisho na ng'ombe, ilikuwa adhabu. Kanisa likawaruhusu wale waliotoa sadaka. Kanisa kuu la Rouen lina mnara uliojengwa mwishoni mwa karne ya 15 na mwanzoni mwa ya 16, unaoitwa hadi leo Mnara wa Siagi, kwa kuwa fedha zake zinaelezwa kutokana na sadaka hizo. Kila nikiitazama picha yake huwaza idadi ya vipande vya mkate vilivyopakwa siagi ili jiwe moja lipande.

Keki ya mabaharia

Ukiniambia nichague keki moja tu ya siagi ya Wafaransa, sitasita: gâteau breton. Ni ya duara, nzito, kimo chake hakizidi vidole viwili, juu imepakwa kiini cha yai na kuchorwa mistari ya msalaba kwa uma. Haina hewa wala haiitaki. Ukiimega inavunjika kama biskuti pembeni na inakuwa laini katikati. Masimulizi huitaja Port-Louis, mji mdogo unaotazamana na bandari ya Lorient, na fundi wa keki mwenye asili ya Uswisi aliyeitwa Crucer, ambaye inasemekana aliipeleka kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1867. Wake wa mabaharia waliifungia waume zao kwa sababu siagi nyingi na sukari nyingi na maji machache huifanya ikae siku nyingi bila kuota ukungu.

Mapishi yake ni haya. Changanya gramu 350 za unga na gramu 250 za sukari. Tia gramu 250 za siagi yenye chumvi iliyolainika na viini vitano vya mayai, ukande kwa ncha za vidole mpaka donge lishikane, basi, usiendelee. Litandaze kwenye chombo cha duara kilichopakwa siagi, usawazishe juu kwa kisu kilicholoweshwa maji. Kiini cha sita kipige na matone ya maji, upake, uchore mistari. Nyuzi 180, dakika 40 hivi, mpaka iwe rangi ya asali iliyokolea. Wapo wanaotandaza donge nusu, wakapaka jamu ya plamu zilizokaushwa, wakafunika kwa nusu ya pili. Sehemu ngumu kuliko zote ni kungoja, kwa maana ikikatwa ya moto humomonyoka. Kesho yake ndiyo siku yake.

Jambo la kufurahisha kwa mpishi wa nchi ya joto ni kwamba hapa siagi haitakiwi kushika hewa. Ikilainika kupita kiasi, weka donge kwenye friji nusu saa, uendelee.

Hiyo Lorient nayo si mji wa kupita bila kusimama. Ilijengwa kuanzia mwaka 1666 kwa ajili ya kampuni ya kifalme ya biashara ya mashariki, na jina lake linatokana na mashariki hiyo. Merikebu zilizotoka hapo zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Bahari ya Hindi, zikatia nanga Île de France, yaani Mauritius ya leo, na Bourbon, iitwayo sasa Réunion. Mashamba ya visiwa hivyo yalilimwa na watumwa, na sehemu yao walitoka kwetu. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watu 1,000 kila mwaka. Baadaye visiwa hivyo vikawa vya miwa karibu vyote.

Nantes, kusini zaidi, ndiyo bandari iliyoongoza Ufaransa nzima katika biashara ya watumwa wa Atlantiki. Keki yake, gâteau nantais, inasimuliwa kwamba ilibuniwa na mwokaji aitwaye Rouleau mwaka 1820, na ukiitazama ni orodha ya mizigo ya bandarini: sukari ya Antilles (visiwa vya Karibi), romu ya Antilles, na lozi za kusagwa, vikashikanishwa kwa siagi ya Bretagne na unga kidogo sana. Juu hupakwa sukari nyeupe iliyolainishwa kwa romu. Ni tamu mno, laini, na hukaa wiki. Wasiotumia kileo huweka maji ya chungwa na keki haiharibiki. Mwaka 2012 mji huo ulifungua kumbukumbu ya kukomeshwa kwa utumwa kando ya mto Loire, na juu ya gati vimepandikizwa ardhini vibao vya kioo vipatavyo 2,000, vingi vikiwa na majina ya meli na tarehe zake. Maduka yanayouza gâteau nantais yako umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo.

Kisha kuna vanila. Mmea huu ulitoka Meksiko, ukastawi vizuri tu Bourbon lakini haukuzaa, maana wadudu wa kuuchavusha hawakuwako kisiwani. Mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond, alionyesha jinsi ya kuufungua mdomo wa ua kwa kijiti chembamba na kuunganisha uume na uke wa ua kwa kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika hadi leo Madagaska, Komoro na Uganda. Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Ufaransa mwaka 1848 alipewa jina la ukoo la Albius. Alikufa mwaka 1880, fukara. Kila tone la vanila linaloingia kwenye keki ya Paris limepita kwenye kidole cha mtoto yule.

Wengi wangetarajia niseme sukari yote ya keki hizi ilitoka kwa miwa ya watumwa. Sivyo. Manowari za Uingereza zilipoziba njia za bahari wakati wa Napoleon I, Benjamin Delessert alifanikiwa mwaka 1812 kusafisha sukari ya kiazisukari kwenye kiwanda chake cha Passy, na Napoleon akamvika nishani yake mwenyewe kifuani. Katikati ya karne hiyo, mashamba ya kaskazini mwa Ufaransa yalikuwa yakitoa sukari nyingi, bei ikashuka, na ndipo hata mji wa wavuvi wa dagaa kama Douarnenez ulipoweza kuimwaga sukari kwa ukarimu juu ya donge la mkate.

Maana kouign-amann ni donge la mkate. Inasimuliwa kwamba Yves-René Scordia, mwokaji wa Douarnenez, aliishiwa bidhaa dukani siku moja karibu na mwaka 1860 wateja wakiwa wamejaa, akachukua kilichokuwa karibu: donge la mkate lenye hamira, siagi na sukari. Akalikunja, akalioka. Uwiano wa jadi ni asilimia 40 donge, 30 siagi, 30 sukari, na ukiusoma mara ya kwanza unadhani pamekosewa. Katika oveni siagi na sukari huchuruzika hadi chini na kuungana kuwa karameli, ndani tabaka zikabaki laini na zenye chumvi. Huliwa ya vuguvugu. Ni keki ya ajabu, na nasema waziwazi: usijaribu kuipika Dar es Salaam bila chumba chenye kiyoyozi. Kati ya mkunjo mmoja na mwingine siagi lazima ibaki utepe. Kwenye joto letu hugeuka mchuzi, hupenya kwenye donge, na unachopata mwishoni ni mkate wa mafuta. Akija mgeni kutoka Bretagne mwagize akuletee, au panda ndege.

Pale joto linapokuwa rafiki

Zipo keki mbili ambazo siagi yake huyeyushwa tangu mwanzo, na hizo ndizo ninazomshauri mtu wa Pwani.

Madeleine ni za Commercy, mji wa Lorraine mashariki mwa Ufaransa. Hekaya inamtaja msichana wa jikoni aliyemuokoa mwenyeji wake, mtawala Stanislas Leszczynski, mwaka 1755 alipokosa kitindamlo mbele ya wageni. Marcel Proust akazipa umaarufu wa pili katika riwaya ambayo juzuu yake ya kwanza ilitoka 1913, na tangu hapo hakuna mwandishi anayeweza kuzitaja bila kumtaja. Nimeshamtaja, tuendelee. Zina umbo la gamba la kombe upande mmoja na nundu upande wa pili, na nundu ndiyo mtihani. Haitokani na beking pauda kuzidi. Uji wa keki hulazwa kwenye friji usiku kucha, kisha humiminwa ukiwa baridi kwenye vyombo na kuingia oveni ya nyuzi 220. Pembeni panashika haraka, katikati bado ni baridi na laini, mvuke unatafuta pa kutokea na unausukuma uji juu. Baada ya dakika nne au tano punguza moto hadi 180 zimalizikie.

Financier inasimuliwa kuwa kazi ya Lasne, fundi aliyekuwa na duka karibu na soko la hisa la Paris mwishoni mwa karne ya 19. Wateja wake walikuwa watu wa fedha waliotaka kitu cha kula wima bila kuchafua suti, akawapa kikeki chenye umbo la kipande cha dhahabu. Mafundi wa Nancy husema watawa wa huko walikuwa wakipika kitu kama hicho zamani zaidi. Waache wagombane.

Roho ya financier ni siagi iliyochemshwa hadi ikabadilika. Weka siagi kwenye sufuria ya rangi nyepesi ili uone, moto wa wastani. Itayeyuka, itatoa povu, itanguruma kwa sababu maji yanatoka. Ngurumo ikipungua, chini utaona punje zikianza kuwa za kahawia, na harufu itakuwa ya karanga zilizokaangwa. Hapo hapo iondoe motoni na uimimine kwenye bakuli, maana sufuria peke yake inatosha kuiunguza. Yeyote aliyewahi kukaa na bibi yake akitengeneza samli anaijua kazi hii yote. Tofauti ni kwamba bibi huchuja zile punje akazitoa, na Mfaransa anazitaka zote ndani ya keki kwa kuwa ndizo zenye ladha. Samli ya dukani, kwa hiyo, haitafaa hapa. Imeshavuliwa kitu chenyewe.

Iliyobaki ni kazi ya dakika tano. Gramu 100 za lozi zilizosagwa laini, 200 za sukari ya unga, 75 za unga wa ngano, chumvi kidogo, mayai sita ute peke yake bila kuchapwa, na gramu 150 za siagi hiyo ikiwa ya vuguvugu. Koroga, laza kwenye friji saa moja, mimina kwenye vyombo vidogo vilivyopakwa siagi, oka kwa nyuzi 200 dakika 12 hadi 15. Lozi ni ghali kwetu. Korosho za Mtwara zikisagwa kwa mipigo mifupi, kabla hazijatoa mafuta, hutoa kikeki laini zaidi na chenye utamu wake. Mtu wa Paris angekataa kukiita financier, na asikiite.

Kuhusu siagi ya kununua: soma pakiti, usisome picha ya ng'ombe. Kwa sheria ya Ulaya siagi halisi ina mafuta ya maziwa asilimia 80 angalau. Palipoandikwa mafuta ya mawese au ya mimea, hiyo ni majarini hata ikikaa kwenye rafu ya siagi. Zile za Isigny na Charentes-Poitou zenye alama ya ulinzi wa asili hufika Nairobi na Dar kwa bei ya kutisha, na tofauti yao ni bakteria: malai huachwa yachachuke kidogo kabla ya kusukwa, ndiyo maana zina ukali fulani wa mbali. Siagi ya nchini iliyosukwa vizuri inatosha kabisa kwa kazi ya oveni. Ile ya gharama ipake kwenye mkate uione vizuri. Kama unayoipata haina chumvi na unataka gâteau breton, ongeza gramu 5 za chumvi ya mawe iliyopondwa kwa kila gramu 250, na usiisage ikawa vumbi. Ile punje inayokutana na jino ndiyo inayotafutwa.

Msomaji makini atakuwa ameshapiga hesabu. Gâteau breton inakula viini sita na kuacha ute wa mayai sita, na financier inataka ute wa mayai sita hasa. Majiko mengi ya Kifaransa huenda hivyo, keki moja ikilipa deni la nyingine. Ute uliofunikwa hukaa kwenye friji siku tatu bila neno, kwa hiyo gâteau breton ya Jumamosi haina sababu ya kuharakisha financier za Jumanne.